Nyumba ya Wanasesere Niliyoikana Rukala

Mwanangu Nabwire,

Mambo ya chandarua, ya viatu vya kubadilisha kazini na ya kupiga simu ukifika Lodwar nimemwachia shangazi yako. Kesho asubuhi atayasema yote, kila moja mara tatu, na wewe utaitikia "ndiyo, shangazi" kama kawaida yako. Mimi nimebaki na jambo moja ambalo yeye hawezi kukusemea.

Umeenda Nangina kumuaga nyanya yako, na ninajua hutarudi mapema, maana nyanya hamwachi mtu aondoke kabla hajala. Kwa hivyo nimekaa mezani, nimefunga mlango, nina muda. Wiki hii nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi sare zako mpya za uuguzi, ukaniangalia ukatabasamu, na mimi nikasema chumvi imeisha. Mara ya pili nilianza kabisa. Nilikuuliza, "Nabwire, unamkumbuka Akisa?"

Ukasema, "Yule aliyeiba nyumba ya Dina?"

Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayetaja jina la barabara ambayo kila mtu anaijua. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Ndiyo sababu naandika.

Akisa hakuiba nyumba ya Dina. Nyumba nimeipata. Na mimi sikuhitaji kuipata ili nijue.

Sijui unakumbuka kiasi gani, kwa hivyo nitaanza pale ambapo wewe ulikuwa mdogo. Baba yako alikuwa seremala wa vitanda na makabati. Mwaka wake wa mwisho kifua kilimzidi, hakuweza tena kusukuma randa wala kuinua mbao. Akawa anakaa kwenye kiti mbele ya mlango wetu, kule kwenye ile ploti ya zamani ya vyumba vya kupanga hapa Busia, na kisanduku cha vipande vilivyobaki kazini. Kwa vipande hivyo alikujengea nyumba ya wanasesere. Ilinifika magotini. Ilikuwa na vyumba vitatu na paa la bati alilolikata kutoka kwa debe la mafuta ya kupikia, upande wenye maandishi ukiangalia ndani. Bawaba za mlango zilikuwa vipande vya mkanda wake wa ngozi, kwa sababu wakati huo mkanda ulikuwa umeshamzidi kiuno.

Wewe ulikuwa na mwanasesere mmoja tu, Dina, wa vitambaa, ambaye miguu yake haikuwahi kusimama. Ulikaa karibu na baba yako kutwa ukimpa amri. Siku moja ukamwambia, "Baba, Dina hawezi kusimama. Ataonaje nje?" Baba yako alifikiri sana. Kisha akaliziba dirisha moja alilokuwa ameshalitoboa, akatoboa lingine chini, karibu na sakafu. Basi ile nyumba ikawa na madirisha matano juu na moja chini, kama jino lililoota vibaya. Mtu yeyote mwingine angeliona kosa la fundi. Sisi watatu tulijua. Wanne, maana Akisa alikuwepo, amekupakata.

Akisa alikuja kwetu ukiwa na miaka miwili. Alitoka kijijini karibu na Malaba, msichana Mteso mrefu, mpole, aliyekuwa akiimba kwa sauti ya chini akiosha vyombo. Mimi nilikuwa natoka alfajiri kufuata samaki, na yeye ndiye aliyekuamsha, akakuogesha, akakulisha. Ukiugua ulimwita yeye kwanza, na mimi sikuona vibaya, nilishukuru. Nilimwahidi kwamba ukianza darasa la kwanza nitampeleka kujifunza cherehani. Alikaa nasi miaka minne akisubiri hilo.

Sasa nikuambie nilivyoipata.

Miezi miwili iliyopita nilienda Budalang'i kutafuta samaki, kwa sababu wale wa Busia walikuwa wachache na wamelala. Nikiwa Rukala, natembea kutoka sokoni, mvua ikanishika. Wewe unaijua mvua ya kule, haikupi nafasi ya kufikiri. Nikakimbilia boma la kwanza nililoliona. Bibi mmoja mzee alikuwa amesimama barazani. Akaniambia, "Ingia mama, hiyo mvua itakupiga." Jina lake ni Taaka, ila pale kila mtu humwita Kukhu, yaani nyanya. Akanipa kigoda na kitambaa cha kujipangusa kichwa.

Pembeni mwa baraza kulikuwa na vifaranga. Waliingia na kutoka katika kijumba cha mbao, mama yao akiwaita. Niliwaangalia tu kama mtu anavyoangalia chochote mvua inaponyesha. Halafu nikaliona paa.

Nikajiambia, mafundi wengi hutumia bati la debe. Ni kweli, Nabwire, hata vibanda vya mbwa huezekwa kwa bati la debe. Nikaangalia mlango. Haukuwepo, lakini kwenye fremu kulikuwa kumebaki kipande cha ngozi kimekauka kama ganda la muhogo. Nikajiambia, ngozi ni ngozi. Rangi ilikuwa imebambuka yote. Ukuta mmoja ulikuwa umeoza chini, ukapigiliwa kipande cha mbao ya sanduku. Nilikuwa nafurahi kila nilipoona kitu kisichofanana na ile yetu. Nilitafuta tofauti jinsi mtu anavyotafuta ufunguo mlangoni na mbwa yuko nyuma yake.

Kisha kifaranga mmoja akatoa kichwa nje. Alikitoa kwenye dirisha la chini, karibu na sakafu.

Nilihesabu ya juu. Yalikuwa matano.

Nikamuuliza Kukhu, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda, "Hiki kijumba mlinunua wapi?"

"Hiyo?" akasema. "Hatukununua. Ililetwa na watu wa kanisa, ule wakati maji ilituchukulia kila kitu. Sisi tulikuwa tunalala shuleni. Wakatuletea katoni kubwa, nikafungua nikapata nguo za mwanaume, na hiyo nyumba iko chini yake, imefunikwa na koti la kaki. Wajukuu wangu walilia kwa furaha. Koti alichukua kijana wangu, alivaa mpaka ikaisha mgongoni."

Nikauliza kama naweza kuigeuza. Akashangaa kidogo lakini akawafukuza vifaranga, akainamisha upande mmoja, nami nikapiga magoti kwenye matope nikachungulia chini. Baba yako hakuwa mtu wa kuandika jina lake mbele ya kazi. Aliyachoma maandishi kwa msumari wa moto, chini ya kiti au nyuma ya kabati, mahali ambapo mwenye nyumba hataona. Herufi ya W, ya jina lake, na mstari mfupi kando yake. Ilikuwepo. Nusu ilikuwa imeliwa na unyevu, lakini mstari ulikuwepo, umepinda mwishoni, kwa sababu wakati huo mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Kukhu aliniangalia nilivyobaki nimeinama. Akauliza, "Mama, ni yako?"

Nikasema, "Hapana. Inapendeza tu."

Mvua ilipopungua nikashukuru, nikaondoka. Niliacha hata samaki wangu barazani, ikabidi anitumie mtoto wa jirani kunifuata nao njiani.

Kwa wiki tatu sikumwambia mtu. Wewe ulirudi nyumbani katikati ya hizo wiki na barua yako ya kazi, tukapika kuku, tukacheka, na mimi nikawa na kile kijumba kifuani. Nilitaka kiwe kimesombwa. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikijifariji kwamba sijui kwa hakika. Labda aliiba, labda hakuiba, nani ajuaye. Mtu anaweza kulala vizuri sana juu ya "labda". Sasa hiyo "labda" ilikuwa imeondolewa.

Na hapa naomba usome polepole, kwa sababu nitakuambia kile ambacho hata padri sikumwambia chote.

Baada ya kumzika baba yako, ile nyumba ilibaki pale pale alipoimalizia, kando ya kiti chake. Sikuweza kuitazama. Asubuhi moja nilijikwaa nayo nikitoka, nikamfokea Akisa, "Toa hiki kitu machoni pangu." Yeye akakitoa. Nguo za baba yako pia sikuweza kuzigusa. Akisa ndiye aliyezikunja na kuzipanga ndani ya katoni kubwa, akaiweka nyuma ya mlango wa chumbani. Baada ya muda mto Nzoia ukavunja kingo kule chini Budalang'i, watu wakakimbia na watoto mgongoni, na akina mama wa kanisa wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba nguo. Nikawaambia, "Chukueni hiyo katoni nyuma ya mlango." Walipoibeba nilikuwa nimegeuza uso ukutani. Sikufungua. Sikutaka kunusa lile koti.

Wiki moja baadaye ukaanza kuitafuta nyumba ya Dina. Ulitafuta chini ya kitanda, ulitafuta jikoni, ukalia mpaka ukatapika. Nami nikamtafuta wa kumkasirikia. Akisa alikuwa kwenye mfereji wa maji, uani, pamoja na wanawake watano au sita wa ploti wakifua. Nikaenda pale pale. Sikumwita kando. Nikamuuliza mbele yao, "Umeiuza wapi nyumba ya mtoto? Umeivusha Uganda?"

Akainuka, mikono ina povu. Akasema, na nakumbuka kila neno, "Mama, wewe ulisema niitoe machoni. Niliiweka kwa katoni ya nguo za baba."

Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu alitaka kuniokoa aibu. Hakutaka wale wanawake wasikie kwamba mjane amegawa kazi ya mwisho ya mume wake bila kujua. Mimi nilisikia, Nabwire. Nilielewa papo hapo, jinsi unavyoelewa umekatwa kabla damu haijatoka. Ningeweza kuketi chini nikalia, na wale wanawake wangenishika, na yeye angenishika wa kwanza. Badala yake nikapaza sauti. Nikasema, "Unamsingizia marehemu?" Wanawake wakaguna. Nikamwambia akusanye vitu vyake.

Hicho ndicho nilichokifanya. Nilijua, na nikamfukuza ili nisijue.

Basi, wiki tatu baada ya kuikana ile nyumba, nikarudi Rukala. Nilimkuta Kukhu anapepeta mtama. Nikamwambia, "Kukhu, nilikudanganya. Ile nyumba mume wangu ndiye aliyeitengeneza, kwa mtoto wetu." Hakushtuka. Akasema, "Nilijua. Mtu hapigi magoti kwenye matope kwa nyumba ya kuku." Kisha akaniuliza kwa nini niliikana, nami nikamwambia habari ya Akisa. Akaendelea kupepeta hadi mtama wa ungoni ukaisha. Akasema, "Huyo msichana yuko hai?"

Nikasema sijui.

"Basi mbona umekuja kwangu?"

Alitaka niondoke na nyumba siku ile ile. Alikuwa ameshawahamisha vifaranga na kuiosha kwa sabuni, imekaa ndani kwenye meza. Nikamwambia aendelee kuiweka. Mara ya kwanza niliitoa bila kukuuliza, na ilikuwa yako. Sasa nauliza. Ukisema irudi, nitaifuata kesho kutwa. Ukisema ibaki na vitukuu wake, itabaki. Picha yake iko kwenye simu yangu, nitakutumia ukifika.

Kumpata Akisa hakukuwa kazi. Hilo nalo liniaibishe mpaka nife: miaka kumi na saba sikumtafuta, na nilipotafuta ilichukua siku moja. Mteja wangu mmoja wa samaki anatoka Malaba. Nikamtajia jina, akasema, "Akisa wa chapati? Anapikia madereva, pale malori yanapopanga foleni."

Nilienda siku ya Jumatano, saa ambayo niliona wateja watakuwa wamepungua. Ni kibanda kizuri, cha mabati, kina meza nne na viti vya plastiki. Alikuwa anasukuma unga. Amenenepa kidogo, nywele amezifunga kitambaa, lakini bado huimba kwa sauti ya chini. Aliniangalia akanijua mara moja.

"Mama Nabwire," akasema. "Umezeeka."

"Nimezeeka."

"Kaa."

Akaniletea chai. Sikuomba, na sikujua kama nina haki ya kuinywa. Nikamwambia, "Akisa, nimeipata nyumba ya Dina. Iko Rukala. Ilienda na katoni ya nguo za baba." Nikampa simu aone picha. Akaipangusa mikono kwanza kwa aproni, akaitazama kwa muda, akaonyesha kwa kidole lile dirisha la chini, akacheka kidogo. Kisha akanirudishia.

"Kwa hivyo umekuja kuniambia sikuiba?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua sikuiba," akasema. "Hiyo habari ni mpya kwako, kwangu si mpya."

Nikamwambia ukweli, kwamba hata kwangu haikuwa mpya. Nikamwambia nilimsikia siku ile pale mferejini. Hapo ndipo aliposimama, akaenda kwenye jiko akageuza chapati, ikakaa mpaka ikaungua, na yeye si mtu wa kuunguza chapati. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu. Akasema, "Hilo ndilo sikulijua. Miaka yote nilidhani hukusikia. Nilikuwa najilaumu kwa nini sikusema kwa nguvu."

Sina la kukuambia kuhusu nilivyojisikia. Utaliwaza mwenyewe.

Akanisimulia, si kwa kunilaumu, kama mtu anayeeleza njia. Alipofika kwao habari ilikuwa imemtangulia, kwa sababu mmoja wa wale wanawake alikuwa na dada yake Malaba. Baba yake hakumpiga wala kumfukuza. Alichukua ufunguo wa ghala la mahindi akautia kamba akauvaa shingoni. Awali ulikuwa ukining'inia mlangoni, kila mtu akiutumia. "Aliuvaa mpaka siku alipokufa," Akisa akasema. "Hata nilipomuuguza mimi peke yangu, namgeuza kitandani, ufunguo ulikuwa unanigusa mkono." Nyumba za Busia hakuna iliyomtaka tena. Akavuka Tororo, akafanya kazi ya kuosha sufuria kwa mtu, akajifunza kupika. Cherehani hakuijua kamwe.

Nikapiga magoti, pale kwenye sakafu yake ya simenti. Akaniambia niinuke, wateja wataniona. Nikasema, "Nisamehe." Hakusema amenisamehe. Nakuandikia hivi ili usije ukafikiri lilimalizika vizuri. Alisema, "Mimi sina haraka na hilo." Kisha akasema, "Ulilisema mbele ya watu. Ukija kuniambia mimi peke yangu, ni kama umenipa nguo ndani ya nyumba lakini nje natembea uchi. Rudi pale ulipolisema."

Nikamuuliza kama kuna kitu kingine anataka. Akasema hapana. Halafu nilipokuwa nimeshafika nje akaniita. "Nabwire bado analala na mkono chini ya shavu?" Nikasema bado. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye unga wake.

Ile ploti ya zamani unajua ilibomolewa, kuna ghorofa pale sasa. Lakini wanawake watatu kati ya wale wa mferejini bado tuko nao jumuia moja ya kanisa. Jumapili iliyopita, siku uliyobaki nyumbani ukisema una kichwa kinauma, baada ya sala nilisimama. Nikasema yote, na lile la kusikia pia. Mmoja akasema mambo ya kale ya nini, tumwachie Mungu. Mwingine aliondoka bila kuniaga na tangu hapo hapokei simu yangu. Mama Ouma, ambaye siku ile alikuwa anafua blanketi karibu kabisa na Akisa, alisema, "Hata mimi nilisikia alichosema. Nikaendelea kufua." Juzi yeye na yule aliyesema tumwachie Mungu walipanda gari wakaenda Malaba wenyewe. Sijawauliza waliambiwa nini. Si langu.

Mwanangu, unaenda kwenye kazi ambayo wewe utakuwa umesimama na mwenzako amelala. Watu waliolala huongea kwa sauti ya chini. Mfagiaji wa wodi pia ataongea kwa sauti ya chini, na mama wa mgonjwa aliyetembea siku mbili akijua atafokewa. Siku nyingine kile watakachosema kitakuwa ni kosa lako, na utakisikia vizuri sana. Sijui nikuambie ufanye nini siku hiyo. Mimi nilishindwa. Najua tu kwamba nafasi ile hudumu muda mfupi, kama kuvuta pumzi moja, na mimi niliipoteza, na msichana wa watu akavaliwa ufunguo na baba yake miaka yote.

Sasa limebaki la mwisho, na ndilo lililonifanya niseme chumvi imeisha nilipokukuta unapiga pasi.

Kabla sijaenda mferejini siku ile, nilikukalisha kitandani. Nilikuuliza, "Akisa ndiye aliyeichukua, sivyo?" Ukasema, "Sijui." Nikakuuliza tena. Ukasema hujui. Mara ya tatu ulinyamaza. Mara ya nne ulinitazama usoni kwanza, ukatafuta pale jibu ninalolitaka, ukalipata, ukasema, "Eeh." Ulikuwa na miaka sita. Nikakushika mkono nikakupeleka uani, na Akisa alipomaliza kusema lake la katoni, nikakuambia mbele ya wote, "Waambie ulichoona." Ukasema, "Nilimwona amebeba." Akisa hakukukasirikia. Ulikuwa unalia, kamasi imekufika mdomoni. Alichuchumaa akakupangusa pua kwa pindo la leso yake, kisha akaingia ndani kufunga mzigo.

Nilipokuwa naagana naye Malaba nilimwambia kwamba hilo sijakuambia. Akasema, "Mwambie. Na akitaka kuja, aje. Asije kuomba msamaha, alikuwa mtoto. Aje kula." Kwa hivyo umealikwa. Kibanda chake kiko upande wa kushoto ukitoka Busia, kina mlango wa buluu.

Nimeogopa kuliandika hili kwa sababu unaondoka, na mtu anayeondoka huchukua sura ya mwisho ya mama yake akaenda nayo. Nilitaka uende na nzuri. Lakini ungeenda pia na uongo wangu ndani yako ukidhani ni wako, na huo ni mzigo nilioufunga mimi kwa mikono yangu.

Ulipokuwa darasa la tano tulikuwa tunachambua visamaki vya omena, wewe na mimi, umenikalia mbele. Ukaniuliza bila kuinua macho, "Mama, ni kweli nilimwona Akisa akibeba ile nyumba? Mbona mimi sikumbuki?"

Nikakujibu, "Ulimwona. Ulikuwa mdogo, umesahau tu."

Hukusahau, Nabwire. Hakukuwa na kitu cha kukumbuka.

Nakupenda, na nimeandika haya nikiwa na akili zangu timamu,

Mama yako,
Nafula